Shajara ya ukurasa kwa siku mikononi mwa dalali: tathmini baada ya mwaka mmoja

Mwezi Januari nilinunua Kariakoo, kwa shilingi 15,000, shajara nyeusi ya jalada gumu, ya aina ile inayotoa ukurasa mzima kwa kila siku ya kazi. Kazi yangu ya udalali wa nyumba na viwanja, kati ya Sinza, Mwenge, Mikocheni na Mbezi Beach, ilikuwa imefika mahali ambapo siku nzima inaishia barabarani na jioni siwezi kueleza nimemwonesha nani nyumba ipi. Sitaji mchapishaji wake, kwa sababu shajara za namna hii nilizozikuta dukani zilifanana kama maharage ya gunia moja.

Nianze na kilichonipendeza. Miadi niliyokuwa nikiiandika kwenye simu ilizama chini ya ujumbe wa WhatsApp, na mara nyingi mwenye nyumba hupiga kutaka kubadilisha saa wakati simu hiyo hiyo ndiyo yenye kalenda. Shajara hukaa wazi mapajani, hata ndani ya bajaji, huku simu ikiwa sikioni. Tena nimeona kwamba mteja anayeshuhudia jina lake likiandikwa kwa kalamu huona haya kidogo kutotokea bila taarifa. Wapo wasioona haya, lakini wamepungua.

Kasoro ya kwanza ni saa. Mistari ya ukurasa imechapishwa kwa saa za Kizungu, kuanzia 8 hadi 5, ilhali mwenye nyumba wa Sinza akisema saa nne asubuhi anamaanisha mstari ulioandikwa 10. Wiki ya pili tu niliandika jina la mteja kwenye mstari wa 4, nikaenda Mbezi Beach kwa utulivu kabisa, naye akanisubiri Mwenge tangu saa nne asubuhi hadi jua likamchosha. Kosa lilikuwa langu, ila ukurasa ulinisaidia kulifanya. Tangu siku hiyo, kila Jumapili usiku naandika saa zetu kwa wino mwekundu kando ya zile zilizochapishwa, na kwa mteja wangu aliyeko Muscat, ambako wako mbele yetu kwa saa moja, naandika zote mbili.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, na ndiyo inayoonesha kwamba aliyeipanga shajara hii alikuwa akimfikiria mtu wa ofisini: Jumamosi na Jumapili zimebanwa katika ukurasa mmoja. Wapangaji wengi ninaowahudumia ni waajiriwa, na siku yao ya kutazama nyumba ni Jumamosi. Kuna Jumamosi moja nilikuwa na wateja watatu na nyumba tano, nikajikuta naandika pembeni mwa ukurasa, kisha mshale, kisha nyuma ya risiti ya LUKU niliyoibana kwa pini. Jumatatu yake, ambayo hakuna aliyenitafuta, ilikuwa na ukurasa mzima mweupe.

Pamoja na hayo, shajara imenifundisha muda wangu unapotelea wapi. Kwa miaka nilikuwa nikiilaumu foleni ya Barabara ya Bagamoyo, na ni kweli foleni ina sehemu yake. Ndiyo maana sasa siandiki saa ya kufika bali saa ya kuondoka, na nyumba za Mbezi Beach nazikusanya siku moja badala ya kwenda na kurudi. Lakini niliposoma kurasa za miezi mitatu ya kwanza niliona neno moja likijirudia kuliko foleni, nalo ni ufunguo. Mlinzi ameondoka nao, binti wa kazi ameenda sokoni, mpangaji anayehama amebadilisha kitasa, au mwenye nyumba mwenyewe yuko Kibaha na ufunguo uko mfukoni mwake. Dalali analipwa mara moja, mkataba ukishasainiwa, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo kila safari inayoishia mlangoni penye kufuli ni nauli iliyotoka mfukoni mwangu na nusu siku iliyokwenda nayo. (Wenzangu wanaomtoza mteja hela ya kuzungushwa huenda hawaumii sana, mimi naona aibu kuipokea mbele ya mlango uliofungwa.) Siku hizi nimepiga mstari wa wima upande wa kulia wa kila ukurasa, na hapo naandika ufunguo uko kwa nani na nimethibitisha saa ngapi. Sehemu hiyo ikiwa tupu, sitoki nyumbani.

Faida nyingine sikuitarajia. Mikataba yangu mingi hulipwa kodi ya miezi sita, basi siku mpangaji anapoingia nyumbani nafungua ukurasa wa miezi mitano mbele na kuandika jina lake na nyumba, ili nimuulize mapema kama anabaki au anahama. Kalenda ya simu ingeweza kufanya hivyo na kupiga kengele juu yake, jambo ambalo karatasi haiwezi, na kwa asiyekuwa na desturi ya kufungua shajara kila asubuhi upungufu huo unatosha kumfanya aache kuinunua. Ila mimi, ninapopekua kurasa kutafuta nafasi ya miadi, nayaona majina hayo yakinisubiri, na wawili kati yao niliwatafutia nyumba nyingine kabla hawajampata dalali mwingine.

Kuhusu umbo lake sina mengi. Jalada limevumilia, utepe wa kuwekea alama umeshachanika, na karatasi ni nyepesi kiasi kwamba mvua za masika ziliugeuza mwezi wote wa Aprili kuwa wingu la bluu, hivyo inatakiwa mfuko wa plastiki na kalamu ya risasi. Kurasa za mwisho zina jedwali la vipimo na misimbo ya simu za nchi za nje, ambazo ningezibadilisha kwa furaha na Jumamosi hamsini na mbili.

Kwa bei ile naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ya mwaka ujao nimeshainunua. Safari hii nilifungua kwanza ukurasa wa Jumamosi, ndipo nikauliza bei.