Kuingiza data raha, kupanga ni kungoja

Natunza stoo ya vipuri yenye rekodi zaidi ya 100,000, na kazi yangu karibu yote naifanyia kwenye simu, maana nazunguka rafu hadi rafu. Programu hii ya hifadhidata niliichukua kwa ajili hiyo. Kwenye kuingiza data sina neno: fomu zake safi, skana inashika msimbopau papo hapo, na bila intaneti inapiga kazi vilevile.

Kasheshe ni kupanga. Ukigusa kichwa cha safu ya "Jina", kiduara kinaanza kuzunguka, simu inapata moto, na mara nyingine Android inaleta ujumbe kwamba programu haijibu. Fundi kasimama anasubiri beringi yake. Ukibadilisha idadi ya kipuri kimoja tu, orodha nzima inapangwa upya. Hilo linaniudhi kuliko yote.

Watu husingizia simu. Ni kweli kazi inakua haraka: rekodi 100 zikipangwa kwa njia nzuri hudai kulinganisha mara 600 hivi, ila 100,000 hudai zaidi ya mara milioni 1.5. Lakini dawa ipo, na wameificha. Ingia Mipangilio, fungua safu unayoitaka, telezesha hadi chini kabisa, washa "Tengeneza faharasa". Chini ya programu hii kuna SQLite, yaani injini inayohifadhi na kutafuta data, na faharasa yake huweka majina yakiwa yameshapangwa tayari, kwa hiyo programu husoma tu yale yanayojaza skrini. Baada ya kuiwasha, orodha ilifunguka palepale. Usiiwashe kila safu, lakini. Faili litanenepa, na kila rekodi mpya italazimika kuandikwa kwenye faharasa zote. Mimi nimeweka kwenye jina na namba ya kipuri, basi.

Sasa hapa ndipo watengenezaji walipolala. Kwa kawaida SQLite hutanguliza herufi kubwa zote, kwa hiyo "Waya" inakaa juu ya "beringi". Kuna kitufe cha kupuuza tofauti hiyo, nami nakihitaji, kwa sababu tunaoingiza data tuko wengi na kila mtu ana mwandiko wake. Ukikiwasha, kiduara kinarudi. Faharasa ilijengwa kwa kanuni nyingine ya herufi, haifai tena kwa mpangilio huo. Kuijenga upya kwa kanuni ileile ni kazi ndogo sana kwao, na ingetuokoa wengi.

Mwenye rekodi elfu chache aichukue bila wasiwasi. Mwenye nyingi kama mimi achuje kwanza: chagua "Breki" kwenye aina, ndipo upange hizo zilizobaki. Inakwenda vizuri.

Nyota tatu. Wakirekebisha faharasa, ya nne naiongeza siku hiyohiyo.