Uzoefu wangu: ukurasa wa kuingia kwenye seva ya leseni uliotusimamishia kazi siku mbili

Ofisi yetu ya upimaji ardhi iliyopo Kisasa, Dodoma, ina leseni tano za programu ya kuchorea ramani, nazo hukaa kwenye seva moja, yaani kompyuta inayozihudumia nyingine ofisini. Mchoraji akifungua programu anaazima leseni, na akiifunga leseni inarudi ili mwenzake aitumie. Msimamizi wa seva hiyo ni mimi, na kazi zote za leseni nazifanya kwenye ukurasa unaofunguka kwenye kivinjari. Simshauri mtu yeyote anunue programu hii ya kusimamia leseni, na sababu ni ukurasa wa kuingilia peke yake.

Si muda mrefu uliopita umeme ulikatika usiku ukarudi alfajiri, na asubuhi wachoraji wote wakaelezwa na kompyuta zao kwamba leseni haipatikani. Nikaenda kwenye ukurasa, nikaandika jina na neno la siri, nikabonyeza. Ukurasa ukapotea kidogo, kisha ukarudi vilevile, jina langu likiwa limebaki na kisanduku cha neno la siri kikiwa kitupu. Haukuniambia kwamba nimekosea, wala kwamba nimekubaliwa. Nilirudia mara nyingi, hadi nikaanza kulitilia shaka neno la siri ninaloliandika karibu kila siku, nikaliandika kwanza kwenye karatasi ili nione kila herufi, nikabadilisha kivinjari, na bado ukurasa ulinirudisha palepale.

Nilimpigia wakala aliyetuuzia, aliyepo Dar es Salaam. Kijana aliyepokea hakuuliza hata ninaona nini kwenye skrini. "Dada, umesahau neno la siri, na kuliweka upya ni huduma ya kulipia." Nilipomweleza kwamba neno la siri likikosewa hutokea maandishi mekundu, na safari hii hayakutokea, alinikatiza: "Kwani huko Dodoma hakuna mafundi?" Kisha akakata simu. Mafundi wapo. Ninayemhitaji ni yule tunayemlipa kila mwaka ili aijue programu hii kuliko sisi, wakati wateja wanasubiri ramani za viwanja vyao na wapima wangu wamerudi kutoka Nzuguni na vipimo visivyoweza kuchorwa.

Siku ya pili, binti aliyekuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo alisimama mbele ya skrini ya seva akauliza, "Dada, mbona hapa ni Januari 1?" Nilitazama pembeni mwa skrini, na mwaka wenyewe ulikuwa wa zamani kabisa. Betri ndogo ya ndani, bapa kama sarafu, ilikuwa imekufa, hivyo umeme ulipokatika saa ya seva ikarudi nyuma. Seva ilikubali neno langu la siri na kunipa kibali cha kuingia, lakini kibali hicho kilikuwa na tarehe iliyokwisha miaka mingi iliyopita, na kivinjari kikakitupa papo hapo. Leseni nazo zilikataa kwa sababu, kwa saa ile, siku yake ya kuanza ilikuwa haijafika. Tulinunua betri ya CR2032 sokoni Majengo, nikarekebisha tarehe, nikaingia mara moja, na kabla ya adhuhuri wachoraji watano walikuwa kazini.

Kwa haki, niseme kwamba ukiwa ndani chombo hiki ni kizuri sana: kinaonyesha nani ameshika leseni na tangu saa ngapi, na kimeniondolea ugomvi mwingi kati ya wachoraji. Pengine nilikosea kusema kisinunuliwe. Ila nikikumbuka kisanduku kile kitupu, hasira inanirudia upya, maana mstari mmoja tu wa kusema saa ya seva haiko sawa ungetuokolea siku mbili. Nimemwandikia wakala nikiomba mstari huo, na nikamtaka aniombe radhi kwa ajili ya simu ile. Hajajibu lolote, na ankara ya kuhuisha leseni aliyotuma wiki hii bado ipo mezani kwangu bila saini.