Kizimba cha simbilisi kutoka Keko: tathmini baada ya miezi saba

Mwaka jana mwezi wa Novemba, mjomba wa wanangu aliwaletea simbilisi wawili kutoka Njombe, nami nikaenda Keko hapa Dar es Salaam kutafuta seremala wa kunitengenezea kizimba cha kuweka ndani ya nyumba. Vile vya plastiki nilivyoviona madukani vilikuwa vidogo mno, vya kumfanya mnyama azunguke mahali pamoja siku nzima. Hiki nimekitumia kipindi cha joto kali na masika yote, kwa hiyo ninayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu.

Kina urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 45, kimesimama juu ya miguu minne, na kilikuja pamoja na uzio wa mbao wa kukunja ambao tunautandaza sebuleni jioni ili wanyama watoke wanyooshe viungo. Vyote viwili vilinigharimu shilingi 210,000. Ukubwa huo unawatosha wawili kukimbia na pia kukwepana wanapochokana. Mbao zimepigwa randa vizuri hata pembeni, kifuniko hufunguka chote kwa juu, na binti yangu wa miaka tisa hukisafisha mwenyewe bila kujichoma na msumari.

Kasoro iliyoniumiza ni ya sakafu. Fundi, aliyezoea mabanda ya sungura, aliweka wavu chini ili kinyesi kidondoke, nami nikakubali kwa kuwa ilionekana njia ya usafi. Nyayo za simbilisi hazina manyoya. Ni ngozi tupu na laini. Wiki ya tatu binti yangu alimpakata Chausiku, mmoja wa simbilisi wetu, akamgeuza, tukaona kisigino cha nyuma kimekuwa chekundu na kuvimba kama punje ya hindi. Daktari wa mifugo alimsafisha kidonda na kutuambia wavu uondolewe siku hiyo hiyo. Fundi alibandika plaiwudi bila kudai malipo, jambo ninalomshukuru, na juu yake huwa namwaga maranda unene wa vidole vinne. Nachagua maranda yasiyo na harufu kali, kwa sababu mbao zenye mafuta ya kunukia kama mwerezi huwadhuru wanyama hawa katika njia ya hewa.

Pembeni nako kuliwekwa waya wa kuku wenye matundu ya inchi 1. Unamzuia simbilisi mzima asitoke, lakini panya mdogo anapita, na simbilisi wachanga, ambao huzaliwa macho wazi na kuanza kukimbia siku ile ile, nao wanapita. Nililazimika kununua wavu mgumu wa nusu inchi na kuupigilia juu ya ule wa kwanza. Anayeagiza kizimba aseme mapema kwamba anataka nusu inchi, kwani kurekebisha baadaye ni gharama mara mbili.

Miguu mirefu ndiyo iliyonifanya nikipende kizimba hiki, hasa usiku mmoja wa Aprili. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa, na nilikuwa nimeshaweka kila mguu ndani ya kopo la maji yenye sabuni kama nilivyofundishwa na mama. Saa nane za usiku nilisikia mlio mwembamba, si ule mluzi wanaoupiga wakisikia mfuko wa mboga ukifunguliwa. Nilipowasha taa, mstari wa siafu ulikuwa umepanda ukuta, ukapita juu ya pazia, na pazia lilikuwa limegusa kona ya kifuniko. Makopo yote manne yalikuwa safi. Tuliwatoa wanyama, tukawachambua siafu mmoja mmoja kutoka shingoni, na tangu siku hiyo kizimba kinakaa mbali na ukuta kwa hatua nzima, hakiguswi na pazia, kamba wala waya.

Joto ni suala ambalo fundi hawezi kulimaliza peke yake. Simbilisi huanza kutaabika joto likizidi nyuzi 27 hivi, nasi mwezi wa Februari tunalipita hilo tangu asubuhi. Paa la mbao tupu lilihifadhi joto, hivyo nilimwomba fundi akate nusu yake na kuweka wavu. Mchana nawalazia chupa ya maji yaliyoganda, iliyofungwa kitambaa, nao huilalia ubavu.

Uzio wa kukunja unafaa sana, maana meno yao hayaachi kuota na hutafuna chochote: waya wa jokofu, chaja, hata ncha ya zulia. Nasikitika tu kwamba upande wa ndani ulipakwa rangi ya mafuta, nikaikwangua yote kabla hawajaanza kuing'ata. Ninapopuliza dawa ya mbu nawahamishia jikoni, na hawarudi hadi chumba kimepata hewa.

Ningemrudia fundi huyu, na kwa kweli nimemwagizia dada yangu wa Mbagala kizimba kingine. Oda niliiandika kwenye karatasi: sakafu ya plaiwudi, wavu wa nusu inchi pande zote, nusu ya paa iwe wazi, mbao zisipakwe rangi, na komeo la chuma badala ya kile kipande cha mbao cha kuzungusha, ambacho Chausiku amejifunza kukisukuma kwa pua.