Nilivyotoa maoni ya bajeti ya kaunti kwa simu

Kwa miaka kadhaa maoni yangu kuhusu bajeti yaliishia barazani: nafunga duka, napanda matatu, nangoja hadi saa saba, kisha napewa dakika mbili za kuzungumza na soda ya kurudi nayo. Mwaka huu kaunti yetu, ambayo sitaitaja, ilifungua tovuti ya kupokea maoni, nami nikaijaribu nikiwa nyuma ya kaunta.

Kujisajili kulikuwa kwepesi. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba makadirio, ambayo kisheria hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, yalikuwa yamepangwa wadi kwa wadi, hivyo nikaiona zahanati yetu na fedha ilizotengewa bila kupekua kitabu kizima. (Barazani nakala huwa za kugombaniwa, tena za Kiingereza.) Niliandika kwamba zahanati ipelekewe maji kabla ya kujengewa ukuta, nikatuma, nikapokea ujumbe mfupi wa shukrani.

Baada ya hapo, kimya. Bajeti ilipopitishwa, ukuta ulikuwemo na maji hayakuwemo. Sikuudhika kwa kukataliwa, kwani huenda mhandisi alikuwa na sababu zake. Niliudhika kwa kutojua iwapo kuna aliyesoma, wala wenzangu wa wadi walisema nini, maana maoni ya mwingine hayaonekani. Katika jukwaa la mtandaoni la Decidim, ambalo jiji la Barcelona lilianza kulitumia mwaka 2016, pendekezo la mwananchi husomwa na wote, na chini yake huwekwa jibu la manispaa kwamba limekubaliwa au limekataliwa, na kwa nini. Programu hiyo ni huria, kwa hiyo kaunti haiwezi kusingizia gharama ya leseni.

Jirani yangu muuza mboga, mwenye simu ya mulika mwizi, hakuweza kuifungua tovuti hiyo kabisa, ilhali kila siku hutuma na kupokea pesa kwa simu hiyo hiyo. Menyu ya maoni kama ile ya kutuma pesa ingemfikia.

Ninaipa huduma hii nyota tatu kati ya tano, zote kwa sababu ya makadirio yanayosomeka. Nimeandika barua kuuliza kuhusu maji kwa kutumia sheria ya mwaka 2016 ya haki ya kupata habari, inayompa afisa siku 21 za kujibu. Leo ni siku ya tisa.