Ziara ya kutembezwa na kununua Istanbul: uzoefu wangu

Sisi wa Kariakoo tunaofuata nguo Uturuki tuna ugonjwa mmoja. Laleli, mtaa wa nguo za jumla, tunaijua uchochoro kwa uchochoro, Merter vilevile, ofisi za kago tunazijua, lakini Ayasofya, ule msikiti wa kale uliowahi kuwa kanisa, tumeuona kwenye kalenda za ukutani tu. Unashuka uwanjani, hoteli, madukani, unafunga mzigo, unarudi Dar. Safari hii nilikuwa na wifi yangu, ambaye hana duka na hakuja kuhesabu mafungu ya suruali. Akaniambia mapema, "Wifi, mimi nataka kuuona mji. Mambo ya jumla utanisamehe." Basi tukalipia ziara ya siku moja ya kutembezwa, zile zinazotangazwa kila hoteli kuwa ni za vivutio na manunuzi. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu ziara hizi zinafanana sana, na nitakayoyasema utayakuta kwa wengi wao.

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo. Upande wa kutembezwa ulikuwa mzuri kuliko nilivyotegemea, na upande wa manunuzi ndio unaolipia ile bei rahisi uliyopewa. Tulilipa yuro 40 kila mmoja, basi na chakula cha mchana ndani yake. Siku nzima, mwongozaji aliyesoma, dereva, chakula, kwa yuro 40? Mfanyabiashara yeyote akikaa akapiga hesabu ataona kuna mtu mwingine anayejazia. Huyo ni mwenye duka la mazulia. Ukilijua hilo asubuhi, mchana hutakasirika.

Viingilio havimo. Hilo liulize kabla ya kulipa, maana tangazo linaorodhesha majina makubwa yote na wewe unadhani umeshamaliza. Ayasofya peke yake mtalii analipa yuro 25, na kasri la Topkapı ni zaidi ya hapo. Ukijumlisha, ile 40 inakuwa zaidi ya mara mbili.

Asubuhi basi dogo linapita hoteli kwa hoteli kuokota watu. Sisi tulikuwa wa kwanza kuchukuliwa, kwa hiyo tulizunguka sana kabla hata ya kuona chochote. Ukikaa maeneo ya Sultanahmet au Laleli, waambie mtakutana nao palepale, tramu ya T1 inakufikisha kwa dakika chache. Kikundi chetu kilikuwa cha Waingereza kidogo, Wahispania wengi, familia moja ya Kihindi na sisi. Kila maelezo yalitolewa mara mbili, Kiingereza kisha Kihispania, na ukitaka kuuliza swali inabidi uwahi katikati. Mwongozaji alikuwa mzee wa makamo mwenye kitambulisho chake shingoni. Uturuki kazi hiyo ina leseni ya serikali, kwa hiyo anayekutembeza bila kitambulisho mwulize kwa nini.

Na mzee yule anaijua kazi yake. Tulianzia uwanja wa zamani wa mashindano ya farasi, mahali ambapo ningepita peke yangu ningeona bustani na mnara wa jiwe tu. Akatusimamisha hapo. Ule mnara ni wa Misri, ulichongwa enzi za Farao Thutmose III, karne ya 15 kabla ya Kristo, ukaletwa na kusimamishwa hapo na mfalme Theodosius mwaka 390. Maandishi ya Kimisri bado yanasomeka kana kwamba fundi ameondoka jana. Wifi aliuzunguka mara ngapi sijui, akitafuta ufa.

Msikiti wa Sultan Ahmed, ule wa buluu, hauna kiingilio. Ulianza kujengwa 1609, una minara sita, na ndani vigae vya mji wa Iznik zaidi ya 20,000. Watalii wanazuiwa nyakati za swala, na Ijumaa hawaingii mpaka baada ya swala ya Ijumaa. Wanawake wajifunike kichwa. Mlangoni wanawagawia wasio na kitu vitambaa, lakini dada zangu, beba mtandio wako mwenyewe.

Topkapı ndiyo iliyonichelewesha. Masultani walikaa hapo karibu miaka 400, na watu wengi hukimbilia vito, hasa ile almasi ya karati 86. Sisi tulitaka chumba cha amana takatifu: joho la Mtume, panga, na msomaji anayesoma Kurani humo ndani, kwa zamu, usiku na mchana bila kukatika. Kikundi kilipewa dakika chache, tukaomba zaidi, mwongozaji akatuelewa. Kisha tukapita jikoni kwa masultani, ambako siku hizi wameweka vyombo vya kaure kutoka China. Mtu aliyewahi kufika makaburi ya Kunduchi, yale yenye nguzo zilizopachikwa bakuli za Kichina, ataviangalia vyombo vile kwa jicho jingine. Wakati masultani wanajaza makabati, na sisi pwani tulikuwa tunanunua.

Ayasofya tulifika karibu na adhuhuri. Kanisa lilikamilika 537, likawa msikiti 1453 Sultan Mehmed II alipouteka mji, likafanywa makumbusho miaka ya 1930, na tangu 2020 ni msikiti tena. Tangu Januari 2024 mtalii analipa na kupandishwa ghorofa ya juu, chini ni kwa wanaoswali, mlango wao ni mwingine na hawalipi. Mwongozaji alituuliza taratibu tunataka kipi. Tukashuka kuswali. Kuinua macho kutoka kwenye sijda ukakutana na kuba lile ni jambo ambalo sitalieleza hapa likaeleweka. Ila ujue unachokosa: ile michoro maarufu ya vijiwe vya rangi na dhahabu ipo huko juu, na ukiwa chini huioni vizuri. Anayetaka vyote viwili alipe ya juu, kisha arudi peke yake wakati wa swala.

Chakula cha mchana ni supu ya dengu, kofta na wali. Kinashibisha. Vinywaji unalipa mwenyewe.

Sasa tuje kwenye mazulia. Hawakuiti dukani, wanakwambia mnaenda kuangalia kazi za mikono. Na kweli, mwanzoni kuna kazi za mikono: binti ameketi kwenye mtambo anafunga fundo moja moja, na bwana mmoja anachovya vifuko vya hariri kwenye maji ya moto na kuvuta uzi. Anakueleza zulia la hariri la mji wa Hereke lina mafundo 100 katika sentimita moja ya mraba, na ukihesabu fundo kwa fundo unaelewa kwa nini fundi anakaa miezi. Sehemu hiyo niliipenda, tena ningelipia.

Baada ya hapo mnapandishwa ghorofani. Chumba kikubwa, mabenchi ukutani, chai ya tufaha inazunguka. Vijana wanne wanaleta mazulia na kuyatandaza kwa kishindo, moja juu ya jingine, wanayageuza ili rangi ibadilike kwenye mwanga. Mkuu wao anatania kwa lugha tano. Tulipotaja Tanzania akaruka moja kwa moja Zanzibar. Onyesho likiisha mlango haufungwi, lakini kila familia inajikuta na muuzaji wake pembeni. Hapo ndipo ninapowaambia watu wa Dar hamna jipya la kuogopa: mwongozaji ni winga kama mawinga wetu wa Kariakoo, amekuleta, anakaa mbali anakunywa chai yake, na fungu lake limo ndani ya bei utakayotajiwa.

Wifi alishika kizulia cha hariri, ukubwa wa msala. Akaambiwa dola 3,800. Akakiweka chini. Kabla hajamaliza chai kikawa 3,000, aliposimama 2,500, tulipofika ngazini 2,100 na muuzaji akasema, "Kwa ajili yako, dada wa Zanzibar." Wifi ni mtu wa Tanga. Hatukununua, na hakuna aliyetukasirikia. Chai ile haikufungi, kunywa mpaka mwisho, shukuru, ondoka. Usitaje hela uliyonayo, usitaje hata kwa utani, kwa sababu kiasi chochote utakachotamka kinakuwa ndio mwanzo wa mazungumzo. Na wakikuahidi watakutumia mpaka Dar bure, kumbuka bandarini au uwanjani kwetu ushuru utaulizwa wewe. Zulia la hariri linakunjwa likaingia kwenye mkoba, ukinunua, beba.

Sisemi mazulia yao ni mabaya. Ni mazuri. Shida ni kwamba pale huna cha kulinganisha nacho, una saa moja, na basi liko nje linakusubiri.

Duka la ngozi lilifuata, na lenyewe lina maonyesho ya mavazi, wasichana na wavulana wanapita na makoti huku muziki unapigwa. Jaketi la ngozi ya kondoo laini kabisa, lakini mtu wa Mbagala atalivaa wapi? Labda kwenye baridi ya Makambako, mwezi wa saba. Tulikaa, tukapumzisha miguu.

Mwisho Kapalıçarşı, soko kubwa la paa, ambalo kila mtu alikuwa analisubiri tangu asubuhi. Lilianzishwa baada ya 1453 kwa amri ya Sultan Mehmed II, leo lina maduka kama 4,000 kwenye mitaa zaidi ya 60, na tukapewa saa moja. Saa moja! Nusu yake inaishia kwenye mtaa wa Kalpakçılar kwa sababu ndio unaoingilia, na macho yanagoma kuondoka kwenye dhahabu.

Dhahabu nitaisemea kwa kuwa watu wetu wengi wanaiulizia. Bangili nyingi za asili yao ni karati 22, mapambo mengine 14 na 18. Bei ya gramu ya siku hiyo inajulikana, iangalie kwenye simu kabla hujaingia, kisha mwambie muuzaji apime mbele yako. Kinachobaki ni ufundi, na hapo ndipo pa kupatana. Muuzaji anayekutajia bei ya kipande kizima bila kupima, mpite.

Kwingine kote ndani ya soko ni maneno. Watakuita abla, yaani dada mkubwa, watakuita kwa Kiarabu, na wakikuona ngozi yako watakurushia "hakuna matata". Mikoba yenye majina ya Paris ipo tele na hakuna hata mmoja uliotoka Paris. Bei ya kwanza mimi nilikuwa naikata nusu na kutembea. Mara nyingi niliitwa. Wifi alipata msala wa pamba na taa mbili za vioo vya rangi, akaridhika kuliko angenunua ile hariri.

Soko la viungo, Mısır Çarşısı, tulipitishwa nje tu, tukarudi siku nyingine kwa miguu yetu. Lokumu, zile peremende laini za Kituruki, ni nzuri, onja kwanza. Zafarani ya bei ya kutupa siyo zafarani, ni maua ya kartamu yaliyokaushwa. Karafuu na mdalasini mtu wa Unguja au Pemba ataviangalia bei na kucheka.

Kwa anayenunua biashara, ziara hii haina chochote cha dukani kwako. Hakuna watakapokupeleka penye bei ya jumla. Kutoka Kapalıçarşı, ingia tramu kituo kimoja tu, shuka Laleli. Tafuta vibao vya "toptan", hao ndio wa jumla. "Perakende" ni rejareja. Wa toptan wengi watakuuzia fungu la saizi zote, kipande kimoja hawataki hata kukisikia, na bei wanataja kwa dola. Mimi niliomba nishuke na kubaki hapo sokoni badala ya kurudishwa hotelini, mwongozaji akakubali bila neno. Nilimpa bakshishi yake, aliistahili kwa yale ya asubuhi.

Kwa hiyo katika nyota tano natoa tatu na nusu. Nyota zilizopungua ni za muda: saa tatu madukani ambako hatukuomba kupelekwa, na saa moja tu mahali tulipotaka. Zipo ziara zinazoandika wazi kwamba hazipiti dukani, bei yake ni kubwa zaidi, na nikienda na mama yangu nitalipia hiyo. Wengine ulizeni tu kabla: mnapita maduka mangapi, na kila moja muda gani. Wakizungusha jibu, umeshajibiwa.

Siku ya kwenda ichagueni vizuri. Jumapili Kapalıçarşı imefungwa, Jumanne Topkapı imefungwa, Ijumaa misikiti inawasubirisha watalii. Sisi tulikwenda Alhamisi.