Piko, kima punju na mwezi: uzoefu wangu na Canon R50 na SX740 HS

Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mikono ya bi harusi, likipakwa na fundi anayejua kazi yake, mistari yake huwa myembamba kama nyuzi. Mwaka 2022 nilipiga picha za mikono ya binamu yangu siku moja kabla ya harusi yake, chumbani, taa moja ya tyubu, mapazia yameshushwa kwa sababu wanawake walikuwa wamejaa bila ya mabuibui. Kwenye kioo cha kamera picha zilinipendeza. Nilipokwenda kuzisafisha dukani kwa ukubwa wa A4, mistari ilikuwa imeungana, na ua lililokuwa katikati ya kiganja limegeuka doa. Mama yake bi harusi aliitazama picha akaniuliza, "Mwanangu, kwani piko lilimwagika?" Halikumwagika. Fundi alikaa nalo saa nne nzima. Ni picha yangu iliyolipoteza.

Kamera ile ilikuwa Canon PowerShot SX740 HS, aliyoniletea kaka yangu kutoka Muscat mwaka 2019. Naipenda mpaka leo, na ndiyo maana nataka kuieleza kwa haki. Mwisho wa 2023 nilinunua Canon EOS R50, kamera ya mirolesi, yaani ile inayobadilishwa lenzi lakini haina kioo cha kuakisi ndani kama zile nene za zamani. Tangu hapo nimezitumia zote mbili kwenye shughuli za harusi na kwenye matembezi yangu hapa Unguja, na wanawake wengi wanaotaka kuanza kazi hii huniuliza wachukue ipi.

Dukani swali huwa moja tu: "Inavuta mara ngapi?" SX740 inavuta mara 40. Lenzi ya milimita 18-45 inayouzwa pamoja na R50 inavuta mara mbili na nusu. Ukisikia hivyo tu, utadhani unadhulumiwa: kamera ghali, inavuta kidogo. Lakini hiyo 40 ni hesabu ya kugawanya vipimo vya lenzi kwa milimita, 960 kwa 24, umbali wa mwisho kwa upana wa mwanzo. Inakwambia kamera inafika wapi. Haikwambii inaona nini ikishafika, wala inakuwaje jua likizama.

Jambo lililonifungua macho ni sensa, kile kipande kinachopokea mwanga. Ya SX740 ina upana wa milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6 hivi, punje ya kunde hiyo. Ya R50 ni milimita 22.3 kwa 14.9, inakaribia stempu ya posta. Ukizidisha utaona eneo lake ni zaidi ya mara 11. Sasa kwenye ile punje ya kunde zimepangwa pikseli milioni 20.3, na kwenye stempu milioni 24.2. Megapikseli karibu sawa, nafasi si sawa hata kidogo. Mwanga ukiwa mchache, kamera ndogo huanza kutoa chenga, yaani vidoadoa kama mchanga, halafu yenyewe ndani huzifuta kabla ya kuhifadhi picha. Katika kuzifuta hufuta na nyuzi za piko, nyusi na kope, na nakshi za kanga. Na kwa kuwa SX740 haihifadhi mafaili ya RAW, yaani picha ghafi kabla kamera haijazigusa, huna pa kurudi. Uliyopewa ndiyo hiyo.

Lakini nisije nikakudanganya kwamba kununua mirolesi peke yake kunatosha. Harusi ya kwanza niliyoingia na R50 na lenzi yake ya 18-45 nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Lenzi ile ukiivuta mpaka mwisho tundu lake la kuingiza mwanga ni f/6.3 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), na hilo ni dogo kwa chumba cha kupambia bi harusi. Picha zilikuwa bora kuliko za zamani, ndiyo, ila si bora kwa kiasi cha fedha niliyotoa. Kilichobadilisha kazi yangu ni lenzi ndogo ya RF 50mm f/1.8, gramu 160 tu, haivuti hata kidogo, ukitaka karibu unasogea kwa miguu. Kutoka f/6.3 kwenda f/1.8 ni mwanga wa mara 12. Mara 12! Kwa mara ya kwanza niliweza kuacha flashi mkobani, na bi harusi hakuwa anapepesa macho kila nikibonyeza.

Ina adabu zake lakini: tundu likiwa pana, kinachotoka safi ni sehemu nyembamba tu. Kwa f/1.8 ukipiga mkono, kidole cha shahada kinatoka safi, cha mwisho kimeyeyuka. Kwa piko sasa naweka f/4, namwomba bi harusi alaze viganja juu ya mto, vyote viwe kimo kimoja, nami nasimama juu yake sawasawa. Na kwa kuwa si lenzi hiyo wala mwili wa R50 wenye kifaa cha kutuliza mtikisiko wa picha za mnato, shata, yaani kasi ya kamera kufunguka na kufunga, siishushi chini ya 1/160 ya sekunde. Jengine: R50 ina namna ya kupiga kimya kabisa, nzuri wakati wa dua, ila chini ya baadhi ya taa za LED huleta mistari ya giza kwenye picha. Jaribu kwanza ukumbini kabla watu hawajaingia.

Kwenye shughuli za wanawake huku kwetu mpiga picha huwa mwanamke, na simu mara nyingi huachwa mlangoni. Kwa hiyo kabla ya yote nazima Wi-Fi na Bluetooth kwenye kamera, na usiku huohuo nakabidhi memori kadi kwa mama wa bi harusi. Hili haliandikwi kwenye maelezo ya kamera yoyote, lakini kwangu ni sehemu ya kazi kama ilivyo lenzi. R50 ina nafasi ya kadi moja tu, na hilo hunitia wasiwasi kila shughuli. Ninachofanya ni kubadilisha kadi kila hatua: kupamba kadi moja, ukumbini kadi nyengine.

Tuje kwenye msitu wa Jozani, hapahapa Unguja. Nilitaka kuzipima kwa siku moja, mahali pamoja, nikapanda daladala asubuhi na zote mbili mkobani. Kima punju huwaoni pengine popote duniani isipokuwa Zanzibar: mgongo mwekundu wa kutu, mabega meusi, nywele nyeupe zimesimama kuzunguka uso kama aliyeamka sasa hivi, pua na midomo vina rangi ya waridi. Ndani ya msitu, chini ya miti mikubwa, kulikuwa na giza la saa kumi na mbili jioni ingawa ilikuwa saa tatu asubuhi. Mama mmoja alikuwa na mtoto kifuani, kama mita kumi juu yetu. SX740 niliivuta mpaka mwisho. Ilimfikia, uso ulijaa kwenye kioo, lakini tundu la lenzi huko mwisho ni f/6.9 na ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga mchache, haipandi zaidi ya 3200. Shata ikawa polepole. Katika picha 30 nilipata mbili tulivu, na hizo mbili manyoya yamekuwa kama pamba iliyolowa.

R50 niliivisha lenzi ya 55-210. Kwa haki niseme: nayo huko mwisho ni f/7.1, tundu lake si bora hata chembe. Tofauti ni ile stempu. Nilipandisha ISO mpaka 6400, shata ikaenda kasi, chenga zilikuwepo, lakini nywele nyeupe zilihesabika moja moja. Mama yule alikuwa mdogo kwenye picha, kwa sababu kwa kipimo kilekile kinachoipa SX740 960, 210 ya R50 ni sawa na 336 tu, na nililazimika kukata pembeni. Hata baada ya kukata, hiyo ndiyo picha niliyoisafisha na kuitundika sebuleni.

Halafu tukatoka nje, upande wa mashamba, jua la saa tano. Hapo mambo yaligeuka. Kima mmoja alikaa juu ya tawi ameshika kipande cha mkaa, anautafuna kama mtu anayetafuna kashata. Wanapenda majani ya mikungu na miembe, na inasemwa na wataalamu waliowachunguza kuwa mkaa huwasaidia tumbo dhidi ya sumu zilizomo kwenye majani hayo. Mtembezaji wetu hakutaka tumsogelee, na alikuwa na haki. Nikaitoa SX740. Kwa 960 nilipata mkono peke yake umejaa picha nzima: vidole vinne virefu, kipande cheusi cha mkaa katikati, na pale dole gumba lingekuwepo, hakuna kitu. Kima punju hawana dole gumba la kuonekana. Nimezaliwa Unguja na nimewaona kima hawa tangu safari za skuli, na sikuwahi kulijua hilo mpaka nilipolitazama kwenye kioo cha kamera ya gramu 299. R50 isingenipa mkono ule bila lenzi ndefu ambayo bei yake ni kamera nyengine nzima.

Kwa hiyo mimi siku hizi mtu akiniuliza ipi bora, nami namuuliza jua liko wapi na wewe uko umbali gani.

Baharini sikupata mshindi. Kizimkazi tulitoka na mashua alfajiri kutafuta pomboo. SX740 haina kitundu cha kuchungulia, ni kioo tu, na jua likishapanda juu ya maji kioo hakionyeshi kitu ila uso wako. Ukivuta sana, wimbi moja tu na pomboo ametoka nje ya picha. Ina kitufe kizuri pembeni ukikishikilia inarudi nyuma kukuonyesha eneo pana, ukikiachia inarudi ulipokuwa, nacho kilinisaidia, ila pomboo hasubiri. R50 unaiweka jichoni, unaona, na inafuata kitu kinachokwenda vizuri zaidi.

Lakini R50 ina ugonjwa wa lenzi za kubadilisha. Mwaka jana, wakati wa kusi, nilibadilisha lenzi nimesimama ufukweni. Sekunde chache tu. Siku mbili baadaye nikaona madoa matatu meusi kwenye kila picha yenye mbingu, pahala palepale. Vumbi la mchanga lilikuwa limetua juu ya sensa, na ilibidi nimpelekee fundi anisafishie. Sasa nabadilisha lenzi ndani ya gari au chumbani, mdomo wa kamera umeangalia chini. SX740 haifunguki, lakini lenzi yake hutoka na kurudi kama shina la darubini, na mchanga ukiingia pale utasikia inasaga. Kila nikiimaliza kuitumia pwani huirudisha kwenye kimkoba cha zipu, wala siiweki wazi mkobani pamoja na funguo na sarafu.

Kwa video sitachelewa: zote zinapiga 4K, lakini R50 ina tundu la kuchomeka maikrofoni na SX740 haina. Ukirekodi taarabu, ganuni na fidla zikiwa mbele na mama mmoja anapiga vigelegele sikioni kwako, utajua kwa nini nasema hivyo.

Bei zilipotoka zilikuwa kama dola 400 kwa SX740 mwaka 2018, na kama dola 800 kwa R50 na lenzi ya 18-45 mwaka 2023. Huku kwetu utakuta tofauti kwa duka na duka. Uongeze lenzi ya 50, uongeze ya 55-210, uongeze betri za ziada maana umeme huku hauna ahadi. Uzito nao: R50 na lenzi hizo tatu inakaribia kilo moja begani kwa siku nzima. Anayetaka kufanya kazi ya harusi asibabaike, achukue mirolesi, na kama fedha haitoshi aache ile ya 55-210, asiiache ya 50 f/1.8. Anayetaka matembezi ya mchana, ndege kwenye mikoko, majahazi kwa mbali, watoto wakicheza mpira upande wa pili wa kiwanja, na hataki kujifunza lenzi, ile ndogo itamfurahisha miaka mingi.

Mimi SX740 sikuiuza. Kila tarehe 29 ya Shaabani hupanda nayo darini pamoja na mama. Macho yake yamepungua nguvu, na mwezi mwandamo ukiwa mwembamba hauoni tena. Mambo ya kutangaza mwezi ni ya masheikh, sisi tunautafuta kwa furaha yetu tu. Kwa R50 na ile 55-210 mwezi ni sehemu ya nane tu ya kimo cha picha. Kwa ile ndogo ni theluthi. Mwaka huu nilimwekea kioo karibu na uso, nikaegemeza viwiko ukutani nisitikisike. Aliutazama kwa muda, akaugusa kwa kidole kwenye kioo, akasema, "Ndio huu. Umelala kidogo." Kisha akaanza kusoma dua yake.