Uzoefu wangu na Vim: vifupisho au majina kamili ndani ya .vimrc?

Vim ndiyo kihariri changu cha kila siku, kwenye kompyuta yangu na kwenye seva. Vijana ninaofanya nao kazi huniuliza sana swali moja: katika .vimrc, yaani faili la mipangilio ya Vim, waandike `set nu` au `set number`? Vim inapokea yote mawili na matokeo ni yaleyale, namba za mistari zinatokea. Lakini mimi nina upande wangu: ndani ya .vimrc, andika jina kamili.

Vingi vya vifupisho hivi vina umri mkubwa kuliko Vim yenyewe. Bram Moolenaar alitoa Vim mwaka 1991, ila alirithi mengi kutoka kwa vi, kihariri cha zamani ambacho Bill Joy alikiandika huko Berkeley miaka ya 1970 akitumia modemu ya baud 300, yaani takribani herufi 30 kwa sekunde. Kwa mwendo ule, `ts` badala ya `tabstop` ilikuwa nafuu kubwa. Faili la mipangilio halina dhiki hiyo. Unaliandika mara moja, kisha unalisoma kwa miaka.

Tazama mstari huu, ambao umejaa kwenye .vimrc za watu:

`set ts=4 sw=4 et ai si`

Mzoefu anaupita bila kukwama, ila anayeanza haambulii kitu. Majina kamili yanajieleza: `tabstop` ni upana wa Tab inavyoonekana, `shiftwidth` ni kiasi cha kusogeza mstari ndani, `expandtab` inageuza Tab unayobonyeza iwe nafasi tupu. Kwenye Python hiyo ya mwisho inafaa sana. Kwenye Makefile, faili la maelekezo ya programu iitwayo make, inaharibu kazi, kwa sababu make inadai Tab halisi mwanzoni mwa amri. Mtu anayehangaika na Makefile iliyogoma, akikutana na neno `expandtab` kwenye mipangilio yake, atashtuka. Akikutana na `et`, atapita tu.

Kinachonisumbua zaidi ni vifupisho vinavyofanana. `is` ni `incsearch`, inayotafuta huku ukiendelea kuandika. `si` ni `smartindent`. `ic` ni `ignorecase`. `ci` ni `copyindent`. Herufi mbili zikipinduka, Vim inanyamaza, maana vyote ni halali, nawe unabaki unashangaa kwa nini utafutaji haubadiliki. Jina kamili likikosewa, tuseme `incsaerch`, unapata kosa E518 (chaguo lisilojulikana) papo hapo pamoja na namba ya mstari. Kwangu hiyo peke yake inatosha kumaliza ubishi.

Sifa ninayoipa Vim kwa moyo wote ni kwamba yenyewe hujibu kwa jina kamili. Andika `:set ts?` nayo itakuambia `tabstop=8`, kama hujabadilisha kitu. Andika `:help 'sw'` utapelekwa moja kwa moja kwenye maelezo ya `shiftwidth`. Kwa hiyo kusafisha .vimrc ya zamani si kazi ngumu. Na ukiona thamani usiyoitambua, `:verbose set sw?` itakutajia faili lililoiweka mara ya mwisho. Mara nyingi ni programu-jalizi fulani.

Vifupisho sijavitupa. Nikiwa ndani ya faili nataka namba za mistari kwa muda, `:set nu` kisha `:set nonu` inatosha kabisa. Pia navitumia kwenye modeline, yaani mstari wa mipangilio unaowekwa ndani ya faili la kodi lenyewe:

`# vim: ts=4 sw=4 et`

Hapo unakaa ndani ya kazi ya watu wengine, kwa hiyo ufupi ni adabu. Vim huutafuta katika mistari 5 ya mwanzo na 5 ya mwisho ya faili. Kama uko kwenye Debian, angalia kwanza kwa `:set modeline?`, kwa sababu huko huduma hiyo huja imezimwa kwa ajili ya usalama.